Nani Atamlisha Mwigizaji Akisubiri?

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, vijana wa Majengo, Pasua, Njoro na Kiboriloni hapa Moshi, na wengine wanaoshuka kutoka Kibosho, Machame na Marangu, hunijia na swali moja: wanataka kuigiza, waanzie wapi? Ninafundisha uigizaji, kwa hiyo swali hilo ni haki yangu kulijibu. Lakini wengi huja na jibu lao mkononi. Yupo anayeamini kipaji chake kitamfikisha, yupo anayetegemea sura, na yupo aliyekwisha kukata tamaa kabla ya kuanza kwa sababu ameambiwa bila konekisheni hakuna kitu. Wazazi nao wana neno lao, bahati, na wanalitamka kana kwamba mtoto ametangaza kwenda kucheza bahati nasibu.

Yote manne yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, kwa muda niliowatazama vijana wakiingia na kutoka katika kazi hii, nimefikia hukumu nyingine. Kinachoamua zaidi ni nani anaweza kubaki. Nani atakuwa bado anaigiza mwaka wa tano, wa saba, wa kumi, bila kufukuzwa na kodi ya chumba. Kipaji huamua utafika wapi ukishabaki, lakini hakimlipi mwenye nyumba. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba mvumilivu hula mbivu, na hatujiulizi mvumilivu huyo anakula nini kabla mbivu hazijaiva.

Si mimi peke yangu ninayeliona hili. Mwaka 2019 jarida la kisayansi la Nature Communications lilichapisha utafiti wa Oliver Williams, Lucas Lacasa na Vito Latora wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London. Walichukua kumbukumbu za IMDb, ile hifadhi kubwa ya mtandaoni ya filamu na vipindi vya televisheni, wakafuatilia safari za kikazi za waigizaji zaidi ya milioni mbili, tangu picha za kwanza kabisa za mwaka 1888 hadi mwaka 2016. Kipimo chao cha mafanikio hakikuwa tuzo, fedha wala sifa. Walihesabu kazi: mwaka huu umepata, je, mwaka ujao umepata tena? Takriban asilimia 70 ya waigizaji hao walionekana mwaka mmoja tu, kisha basi.

Waliona pia kwamba kazi haziji kwa kutawanyika. Miaka ya neema hufuatana, na miaka ya ukame hufuatana. Aliyepata nyingi hupata nyingi zaidi, kwa sababu anayetafuta mwigizaji humwita yule aliyekwisha kumwona. Mwenye nacho huongezewa, na watafiti wenyewe wanasema anayeanza kuongezewa si lazima awe ndiye bora katika kuigiza. Kwa wanawake picha ni kali zaidi: mwaka wao wenye kazi nyingi kuliko yote huelekea kuwa mwanzoni mwa safari.

Filamu zetu nyingi hazimo katika hifadhi ile, na sitaki msomaji achukue asilimia hiyo aibandike Sinza ya Dar es Salaam au Moshi kama ilivyo. Ninachochukua ni namna ya kuuliza. Badala ya kuuliza fulani alikuwa na nini alipotokea, tuulize ni nini kilimfanya apate kazi ya pili, ya tatu na ya ishirini.

Tumuulize hivyo Steven Kanumba. Simulizi inayopendwa ni ya kijana mwenye sura na kipaji aliyetoka mkoani akawaka. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, na maigizo yake ya kwanza yalikuwa ya kanisani, AIC ya hapo hapo Shinyanga. Akaenda Dar es Salaam kusoma sekondari. Mwaka 2002 hivi akaingia Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa na tamthilia ITV, na hapa ndipo mahali ambapo simulizi hupita mbio na mimi nataka tukae.

ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na Tanzania Bara nzima ilikuwa na vituo vya kuhesabika kwa vidole. Kundi lililokuwa na kipindi katika kituo kama hicho lilikuwa na kitu ambacho shule haikuweza kutoa: tamthilia inayoendelea. Anayeigiza leo katika Jahazi au Dira, tamthilia za Kaole, kesho anahitajika tena, kwa sababu mhusika wake hajafa. Makosa yake yanaonekana na watu, anayasahihisha mbele ya wenzake, halafu anarudi. Hahitaji kuomba kazi upya kila mara. Anakaa na watu wazima walioanza zamani, anajifunza namna ya kumsubiri mwenzake amalize sentensi, namna ya kunyamaza mbele ya kamera. Vincent Kigosi, tunayemwita Ray, alipita humo. Blandina Chagula, Johari, alipita humo. Elizabeth Michael, Lulu, aliingia humo akiwa mtoto. Mtu akiniambia nyota hao wote walikutana kundi moja kwa bahati, siwezi kumkubalia. Kundi ndilo lililowafanya waonekane tena na tena hadi nchi ikawazoea.

Hatua yao ya pili haisemwi sana. Soko la filamu za kanda na diski lilipofunguka, hawakubaki kusubiri kuitwa. Ray na Johari wakaanzisha kampuni yao, RJ, herufi za majina yao wenyewe. Kanumba naye akawa na kampuni yake. Kabla ya hapo, mwaka 2006, alikuwa ameshacheza Dar 2 Lagos, filamu iliyounganisha waigizaji wetu na wa Nigeria, na baadaye akasimama mbele ya kamera moja na Ramsey Nouah. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, na tayari alikuwa na muongo mzima wa kazi nyuma yake. Kanisa, kundi, tamthilia, kampuni. Kila kimoja kilimpa sababu ya kubaki hadi kingine kilipofika.

Sasa tumtazame kijana wa Moshi. Anapanda basi stendi, zaidi ya kilomita 550 baadaye anashuka Mbezi. Anafikia kwa mjomba au kwa baba mdogo. Mwezi wa kwanza ni mgeni, wa pili anaulizwa anafanya nini mchana, wa nne anaambiwa kuna nafasi ya kuuza duka Kariakoo. Usaili unatangazwa asubuhi, unafanyika saa nane, upande wa pili wa jiji. Akipata nafasi ya kupita nyuma ya mhusika mkuu akibeba trei, ni kazi ya siku moja, hulipwa siku moja, na malipo yenyewe huweza kuchelewa. Akitaka kujitegemea, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Anayeweza kusubiri usaili wa pili ni yule ambaye kwao ni Kinondoni, analala kwa mama yake, anakula kwa mama yake, na nauli yake ni daladala moja. Wawili hawa wanaweza kuwa na kipaji sawasawa. Baada ya miaka mitatu mmoja yuko kwenye tamthilia, mwingine yuko nyuma ya kaunta, na sisi tutasema yule wa kwanza alikuwa na nyota.

Hapa nina neno na watu wa kwetu. Wachagga tuna utaratibu wa zamani wa kumtoa kijana. Kihamba, shamba la ukoo, hakigawiki bila mwisho. Ndugu wakizidi, baadhi lazima watoke mlimani wakatafute. Anayetoka kwenda kufungua duka hupewa mtaji, hulipiwa fremu, na biashara ikiyumba mwaka wa kwanza hakuna anayeshangaa, kwa sababu kila mmoja anajua duka huanza kwa kuyumba. Anayetoka kwenda kusoma udaktari husubiriwa miaka. Lakini anayetoka kwenda kuigiza hupewa miezi sita, kisha anahesabiwa amepotea. Tunajua kabisa kwamba mche wa kahawa haukupi tunda mwaka ulioupanda. Kwa mtoto anayeigiza tunataka tunda ndani ya msimu mmoja.

Wapo waliotoka kwetu wakabaki. Jacqueline Wolper ni mzaliwa wa Moshi, na jina lake linajulikana kwa kila aliyefuatilia filamu za Bongo tangu zama za diski. Ninachokiona katika safari yake ni wingi wa kazi katika miaka mfululizo, na mkono wa pili wa kujipatia riziki: ameendesha biashara ya mitindo na mavazi huku jina lake la filamu likiwa hai. Vijana hunong'ona kwamba mwigizaji anayeshona au kuuza nguo ameishiwa. Mimi naona kinyume. Mwenye cherehani anaweza kukataa nafasi mbaya.

Hili la kukataa lina uzito wa pekee kwa wasichana. Penye mlango mmoja, anayeshika ufunguo huwa mfalme, na wapo wanaoutumia ufunguo huo kudai miili ya watu. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai nchini, lipo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kila msichana anayekwenda kwenye usaili anapaswa kukijua kifungu hicho kabla hajajua jina la muongozaji. Lakini sheria humlinda zaidi yule anayeweza kugeuka na kuondoka, na anayeweza kuondoka ni yule asiyedaiwa kodi kesho. Umaskini wa kusubiri ndio unaompa mnyanyasaji nguvu. Ndiyo maana nasema suala la nani anamlisha mwigizaji akisubiri ni suala la usalama wake pia.

Na umri? Hapa nchi yetu inanipa matumaini zaidi kidogo kuliko takwimu za IMDb. Hadithi zetu zina ukoo mzima ndani yake: mama mkwe, shangazi, bibi anayejua siri. Bi Mwenda na Bi Hindu wamependwa na watazamaji wakiwa wazee, na hakuna aliyewataka wawe malkia wa urembo. Msichana anayejenga kazi yake juu ya uwezo wa kubadilika kuwa mtu mwingine atakuwa na nafasi akiwa na miaka sitini. Anayejenga juu ya kuuza sura pekee, soko litamgeukia mapema.

Turudi kwenye kuanza, kwa sababu kubaki huanzia kabla ya safari. Lupita Nyong'o wa Kenya alipokea tuzo ya Oscar mwezi Machi 2014, na dunia ikaimba kwamba ametokea ghafla. Alikuwa na miaka 14 alipocheza Juliet jukwaani na kundi la Phoenix Players, Nairobi. Alifanya kazi nyuma ya kamera wakati wa utengenezaji wa The Constant Gardener, akacheza katika tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akasoma uigizaji Yale. Kati ya Juliet na tuzo ile ni zaidi ya miaka 15. Alikuwa na familia iliyoweza kumsubiri, na alikuwa na mji wenye jukwaa.

Simtaji ili kila kijana wa Uru aote Hollywood. Namtaja kwa sababu ya mpaka ulio karibu yetu. Ukitoka Himo ukapita Holili, kilomita chache mbele uko Taveta. Mwanafunzi wa Taveta anasoma katika nchi yenye tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo tangu mwaka 1959. Shule yake huandaa mchezo, hushindana ngazi ya chini, hupanda hadi taifa. Akimaliza kidato cha nne ameshasimama mbele ya waamuzi na watazamaji wasiomjua. Mwanafunzi wa Himo amesoma Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu, tamthilia nzuri zote, na amezisoma ili ajibu maswali ya mtihani kuhusu dhamira na wahusika. Mara ngapi amesimama akawa Ngoswe? Tunafundisha tamthilia kama tunavyofundisha barua rasmi. Shule kama Weru Weru, Umbwe, Lyamungo na Machame zina kumbi, zina mabweni, zina jioni ndefu. Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayeamua kuusimamisha mchezo mmoja kwa mwaka atawapa watoto wake zaidi ya hotuba zangu zote.

Makanisa yametangulia. Igizo la Krismasi na la Pasaka, huku mlimani, ndilo jukwaa la kwanza la waigizaji wengi, kama ilivyokuwa kwa Kanumba kule Shinyanga. Kasoro yake ni kwamba kundi huvunjika sikukuu ikipita.

Na hata anayebaki hawezi kulishwa na kazi yake bila mkataba mzuri, jambo ambalo ningeweza kuliandikia safu nzima. Katika zama za diski, mtengenezaji filamu aliuza masta, yaani nakala mama, kwa msambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, na haki zote zikaenda na masta hiyo. Filamu ikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, ikiuzwa nakala nyingi, ikirushwa televisheni, aliyeigiza hakurudi tena mezani. Mzee Amri Athumani, King Majuto, alichekesha taifa hili kwa miongo, na alipougua, mwaka ule wa 2018 aliofariki, nchi ilianza kuulizana mikataba yake ilisema nini. Waziri mwenye dhamana wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Swali hilo lilipaswa kuulizwa miaka 20 kabla. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na mwigizaji ana haki zake ndani yake, lakini haki isiyoandikwa kwenye karatasi uliyotia saini ni vigumu kuidai ukiwa kitandani hospitali.

Watu wa Kilimanjaro tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, kwa sababu mkulima mmoja mmoja mwenye gunia lake hana sauti mbele ya mnunuzi. Mwigizaji mmoja mmoja mwenye kipaji chake yuko pale pale. Vijana watano waliorekodi kazi yao, wakaandikiana nani anamiliki nini na kwa asilimia ngapi, wana kitu cha kuuza. Mmoja mwenye picha nzuri kwenye simu ana kitu cha kuomba.

Na sasa wanunuzi wameongezeka. Azam TV ilikuja mwaka 2013, ikafuata Maisha Magic Bongo ya DStv, na tamthilia kama Huba, Jua Kali na Kombolela zimerudisha kile kilichowajenga watu wa Kaole: mhusika anayeendelea, kazi inayorudi. Simu na YouTube zimeruhusu kundi la vichekesho kupata watazamaji bila kupitia ofisi ya mtu. Na kwamba lazima yote yatoke Dar es Salaam si kweli. Futuhi walitoka Mwanza kupitia Star TV, wakachekesha nchi nzima wakiwa na ladha ya Kanda ya Ziwa. Walikuwa na kundi, na walikuwa na kituo cha televisheni mjini kwao.

Moshi ina redio zake, ina studio za kurekodia kwaya, ina wapiga picha wa harusi wenye kamera na kompyuta za kuhariria. Ina pia kitu ambacho hakuna mji mwingine wa Tanzania unacho kwa kiasi hiki: Desemba. Katikati ya mwezi huo barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa, watu wa Rombo, Marangu, Old Moshi, Kibosho na Machame wanarudi nyumbani na familia zao, wana fedha, wana jioni tupu, na wanatafuta pa kuwapeleka watoto baada ya nyama kuisha. Watazamaji wanatufuata wenyewe hadi mlangoni, na hatuna mchezo hata mmoja wa kuwauzia tiketi. Kundi la vijana saba likianza mazoezi Agosti, likaandaa mchezo wa saa moja na nusu kuhusu maisha ya huku huku, kihamba, mahari, mjomba wa mjini, likazunguka kumbi za parokia na usharika kwa wiki mbili za sikukuu, litapata fedha ya kuanzia mwaka na litapata kitu kikubwa zaidi: sababu ya kutovunjika Januari. Halmashauri ya Manispaa ingeweza kusaidia kwa kuwapa ukumbi bila kodi kwa siku hizo. Haigharimu sana.

Kwa kijana anayeniuliza aanzie wapi, jibu langu ni hili. Usipande basi peke yako. Tafuta wenzako hapa, fanyeni kazi mbili au tatu zinazoonekana, mwandikiane. Jifunze kazi nyingine ya seti pamoja na kuigiza, kurekodi sauti, kuhariri, kuandika skripti au kushona mavazi, kwa sababu anayeweza kufanya mawili huitwa mara mbili na hukaa seti mchana kutwa akiwatazama waliomtangulia. Kama unaweza kusomea, TaSUBa ya Bagamoyo imekuwa ikifundisha wasanii tangu ikiwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Na ukiamua kwenda Dar es Salaam, nenda na kodi ya chumba, si na matumaini ya sebule ya mtu.

Kwa wewe mwenye nyumba Tabata au Kimara utakayerudi mlimani mwisho wa mwaka, nina ombi. Mtoto wa dada yako akisimama mbele ya ukoo akasema anataka kuigiza, usimcheke na usimwombee aache. Muulize yuko na kundi gani, wamekwisha kutengeneza nini, anajua kazi gani nyingine, na mkataba wao uko wapi. Akikosa majibu, mrudishe akayatafute. Akiwa nayo, mlipie chumba miaka miwili, kama ambavyo ungemlipia fremu ya duka.